Cheti cha vanila na kakao: Hesabu kilo kabla ya kumlipa mkaguzi

MFANYABIASHARA wa Moshi anayepeleka sampuli ya vanila au kakao kwa mnunuzi wa Ulaya hukutana mapema na swali moja: mzigo una cheti? Jibu la "hapana" haliui biashara yote, lakini hufunga milango mingi yenye bei nzuri. Ndiyo maana vikundi vya wakulima, madalali na wenye mitaji midogo wanaulizana kama inafaa kutafuta ithibati ya kilimo hai, ya biashara ya haki au ya utunzaji wa mazingira.

Jibu la safu hii ni kwamba inafaa, kwa masharti. Cheti ni gharama ya kila mwaka, na hulipwa na kitu kimoja tu: kilo zinazofika ghalani zikiwa na nyongeza ya bei ambayo mnunuzi ameahidi kwa maandishi. Kilo zikiwa chache, au zikiuzwa pembeni, cheti hugeuka kuwa karatasi ya ghali ukutani. Tena, kwa sheria mpya za Ulaya, anayetoa fedha za cheti si lazima awe mwenye cheti. Mwenye mtaji anapaswa kulielewa hilo kabla ya kufungua pochi.

VANILA MILIMANI, KAKAO MBALI

Chekereni yenyewe ni nchi ya mpunga. Iko kwenye tambarare kusini ya mji wa Moshi, ndani ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na hapo ndipo kilipo kituo cha mafunzo ya kilimo cha KATC. Vanila hustawi juu zaidi, kwenye vihamba vya mteremko wa mlima, chini ya kivuli cha migomba, mikahawa na miti kama mringaringa na mruka. Kampuni ya Natural Extracts Industries, iliyoanzishwa Moshi mwaka 2011, ilijenga biashara yake juu ya vanila ya wakulima wadogo na kuisindika hapa hapa nchini.

Kakao ni habari nyingine. Kilimanjaro si mkoa wa kakao; zao hilo linataka joto na unyevu wa kutosha, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela na Rungwe, ikifuatiwa na bonde la Kilombero na maeneo mengine ya Morogoro. Kwa hiyo mtu wa Moshi anayetaka kufanya biashara ya vyote viwili atashika mizigo ya sehemu mbili tofauti, kila mmoja na wakulima wake, ukaguzi wake na taratibu zake za kuuza. Cheti cha vanila ya Kilimanjaro hakifuniki hata gunia moja la kakao ya Kyela.

Chekereni inahusika kwa njia moja: ni kwenye tambarare hii na pembezoni mwa mji ndiko kuna nafasi ya maghala, barabara na umeme. Lakini pia ni eneo la mbolea za chumvichumvi na viuagugu vya mashamba ya mpunga. Hilo lina madhara kwa mzigo wenye cheti, kama tutakavyoona mbele.

VYETI VITATU, AHADI TATU

Wengi huzungumzia "cheti" kana kwamba ni kimoja. Viko vya aina kadhaa, na kila kimoja kinauza ahadi yake.

Kilimo hai kinaahidi jinsi zao lilivyolimwa: bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vilivyokatazwa. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu mwaka 2007, chenye nembo ya Kilimo Hai, na nchini chama cha TOAM kimekuwa kikiratibu sekta hiyo tangu 2005. Kiwango hicho kinafaa kwa soko la kanda hii. Anayelenga Ulaya au Marekani lazima akaguliwe kwa sheria za huko, na shirika la ukaguzi linalotambuliwa huko.

Biashara ya haki inaahidi jinsi mkulima alivyolipwa. Ina bei ya chini isiyovukwa, na juu yake fungu la nyongeza ambalo ni mali ya ushirika wa wakulima. Wanachama wenyewe hupiga kura namna ya kulitumia. Wakazi wa Kilimanjaro hawaufahamu mpango huu kwa kusikia tu, kwani KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1933, kimekuwa kikiuza sehemu ya kahawa yake kwa njia hiyo tangu miaka ya 1990. Kwa kakao, viwango vilivyoanza Oktoba 2019 viliweka bei ya chini ya dola 2,400 kwa tani, nyongeza ya dola 240, na dola 300 zaidi kama kakao ni ya kilimo hai.

Cha tatu ni Rainforest Alliance, shirika lililoungana na UTZ mwaka 2018. Linaangalia zaidi hifadhi ya misitu, mazingira ya kazi na usimamizi wa shamba. Halikatazi viuatilifu vyote, na halina bei ya chini. Mnunuzi hulipa tofauti juu ya bei ya soko.

Kuna jambo la nne ambalo watu hulichanganya na cheti. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayozuia mazao yaliyotokana na ukataji wa misitu baada ya Desemba 31, 2020. Kakao imo, kahawa imo, vanila haimo. Sheria hiyo inadai alama ya mahali lilipo kila shamba: nukta moja kwa shamba lisilozidi hekta 4, na mipaka kamili kwa kubwa zaidi. Utekelezaji uliahirishwa mwishoni mwa 2024 na tena mwishoni mwa 2025, lakini haujafutwa. Cheti chochote hakimwondolei mwingizaji wa kakao wajibu huo. Habari njema ni kwamba ramani ya mashamba inayotengenezwa kwa ajili ya cheti inaweza kutumika hapo pia.

MIAKA MITATU, NA NAMNA YA KUIPUNGUZA

Kwa mazao ya kudumu kama vanila na kakao, sheria ya Ulaya inataka miaka mitatu ya kilimo safi kabla ya mavuno kuuzwa kama kilimo hai. Marekani nayo inataka miaka mitatu tangu dawa iliyokatazwa ilipotumika mara ya mwisho. Katika kipindi hicho cha mpito mkulima anafuata masharti yote, mkaguzi analipwa, lakini mzigo unauzwa kwa bei ya kawaida. Hapo ndipo vikundi vingi hukata tamaa.

Hata hivyo kuna njia mbili halali za kupunguza makali. Ya kwanza ni kalenda ya mmea wenyewe. Rando la vanila huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kuchanua, na ganda huhitaji miezi kama tisa baada ya ua kuchavushwa kwa mkono ndipo likomae. Mkulima akiandikishwa siku anapopanda, kipindi cha mpito kitapita huku hana cha kuuza. Akisubiri avune ndipo aandikishwe, anapoteza misimu mitatu ya nyongeza. Kakao nayo inachukua miaka mitatu hadi mitano kuanza kuzaa.

Ya pili ni kutambuliwa kwa miaka iliyopita. Vipo vihamba ambavyo havijapuliziwa dawa tangu bei ya kahawa ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shirika la ukaguzi linaweza kuihesabu miaka hiyo, lakini kwa ushahidi: kumbukumbu, ukaguzi wa shamba na vipimo vya maabara. Neno la mdomo la balozi wa nyumba kumi halitoshi.

Kihamba kina ugumu wake. Vanila haikai peke yake. Imesimama kando ya mkahawa na mgomba. Mkulima hawezi kusema vanila yake ni safi huku kahawa ya mita mbili pembeni inapuliziwa dawa ya wadudu ya viwandani. Mrututu, ambao wazee waliupulizia kahawa kwa miaka mingi, unaruhusiwa kwa kipimo maalumu, lakini dawa nyingi zilizokuja baadaye haziruhusiwi. Na mstari wa masale unaogawa kihamba na kihamba haumzuii jirani kupulizia upepo ukiwa unavuma upande wako. Kwa sababu hiyo mpango mzuri huandikisha wakulima wa kitongoji kizima, badala ya kuokota mmoja hapa na mwingine kule.

KUNDI NDILO LINALOKAGULIWA

Hakuna mkulima wa nusu ekari anayeweza kumlipa mkaguzi peke yake. Dawa yake ni cheti cha kundi. Kundi huweka mfumo wake wa ndani: daftari la kila mkulima, ramani, mkataba, na mkaguzi wa ndani anayefika kila shamba walau mara moja kwa mwaka. Mkaguzi wa nje anapokuja huangalia kama mfumo huo unafanya kazi, kisha hurudia kukagua sehemu tu ya mashamba.

Sheria mpya ya Ulaya ya kilimo hai, Namba 848 ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Januari 2022 na ambayo nchi za nje zilipewa muda wa mpito kuifikia, imekaza uzi. Kundi lisizidi wanachama 2,000. Liwe na hadhi yake ya kisheria. Wanachama wawe wakulima walio karibu karibu, wenye mashamba yasiyozidi hekta 5 au mauzo madogo ya kilimo hai. Liwe na mfumo wa pamoja wa kuuza. Mkaguzi wa nje arudie angalau asilimia 5 ya wanachama, na wasipungue 10, na achukue sampuli za asilimia 2.

Zamani kampuni ya kusafirisha mazao iliweza kukusanya maelfu ya wakulima chini ya cheti chake yenyewe. Kwa soko la Ulaya njia hiyo imefungwa. Cheti sasa ni cha kundi la wakulima, na kampuni inabaki kuwa mnunuzi, mtoa huduma au mkopeshaji. Mwekezaji aliyezoea kusema "cheti ni changu, hawana pa kwenda" inabidi abadili hesabu.

TUPIGE HESABU

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, ili msomaji aone njia. Aweke zake mwenyewe baada ya kupata bei za wakaguzi.

Tuchukue kundi la wakulima 400, kila mmoja akivuna kilo 15 za vanila mbichi. Jumla ni kilo 6,000, ambazo zikikaushwa kwa uwiano wa sita kwa moja zitatoa kilo 1,000 za vanila kavu. Tuseme mkaguzi wa nje, wakaguzi wa ndani, vipimo, usafiri na karani vinagharimu shilingi milioni 36 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa kila kilo mbichi. Kama mnunuzi anaongeza shilingi 4,000 kwa kilo kwa sababu ya cheti, kundi linapata milioni 24 na kubaki na pengo la milioni 12 kila mwaka.

Sasa tuchukue wakulima 1,200 wenye mavuno yale yale. Kilo ni 18,000. Gharama haipandi mara tatu, kwa kuwa karani ni mmoja na mkaguzi wa nje anasafiri mara moja. Tuseme inafika milioni 54, yaani shilingi 3,000 kwa kilo. Nyongeza ni milioni 72. Ziada ni milioni 18.

Lakini ziada hiyo ni laini kama ganda la yai. Nusu ya wakulima wakimuuzia mlanguzi aliyefika wiki moja mapema, kilo zenye cheti zinabaki 9,000, nyongeza inashuka hadi milioni 36, na gharama inabaki milioni 54. Ziada ya milioni 18 imekuwa hasara ya milioni 18.

Kisha kuna deni la miaka ya mpito. Hata kama gharama ya miaka hiyo ni nusu tu, yaani milioni 27 kwa mwaka, miaka mitatu ni milioni 81. Kwa ziada ya milioni 18, deni hilo litalipwa kwa miaka minne na nusu, kabla ya riba. Anayeahidi faida ya haraka kutokana na cheti hajapiga hesabu hii, au ameipiga akaificha.

BEI INAPOPANDA, CHETI HUSINYAA

Historia ya mazao haya mawili ni ya mawimbi. Vanila kavu ilikaribia dola 500 kwa kilo mwaka 2003, ikaanguka hadi makumi machache ya dola ndani ya miaka michache, ikapaa tena hadi karibu dola 600 baada ya kimbunga Enawo kuipiga Madagascar Machi 2017. Madagascar, inayotawala soko hilo, iliweka bei ya chini ya dola 250 kwa mauzo ya nje mwaka 2020, kisha ikaifuta mwaka 2023, na bei ikaporomoka. Kakao ilipita dola 12,000 kwa tani New York Desemba 2024, na mwaka 2025 ikashuka chini ya nusu ya kiwango hicho.

Angalia maana yake kwa cheti. Kakao ikiwa dola 2,400, dola 540 za kilimo hai na biashara ya haki pamoja ni zaidi ya asilimia 22 juu ya bei. Kakao ikiwa dola 12,000, fungu lile lile ni asilimia 4.5. Bei inapopaa, mlanguzi mwenye fedha taslimu anaweza kuifuta nyongeza hiyo kwa siku moja. Bei inapoanguka, nyongeza ndiyo inayomfanya mkulima asing'oe miche. Kwa maneno mengine, cheti ni bima ya siku mbaya zaidi ya kuwa tiketi ya siku nzuri, na anayekiendea wakati bei iko juu ajiandae kukilipia wakati iko chini.

Kwa vanila kuna balaa la ziada: wizi. Bei ikipanda, wakulima huvuna maganda mabichi kabla ya mwizi kuyavuna, na ganda lisilokomaa halina harufu ambayo mnunuzi analipia. Madagascar wakulima huchoma ganda kwa pini ili liwe na alama ya mwenyewe. Uganda serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna. Kundi lisilo na tarehe yake ya kuvuna litauza maji kwa bei ya vanila mara moja tu, kisha mnunuzi hatarudi.

MAMBO MADOGO YANAYOANGUSHA MZIGO

Wengi huogopa shamba, kumbe mzigo huharibikia njiani. Gunia lililobeba urea kwenda mashamba ya mpunga halifai kubebea kakao ya kilimo hai, hata lifuliwe mara tatu. Chumba kilichohifadhi mahindi yaliyochanganywa na dawa ya wadudu hakifai kukaushia vanila. Ghala likifukizwa kwa vidonge vya sumu wakati mzigo umo ndani, kazi ya miaka mitatu imekwisha usiku mmoja. Maabara za Ulaya hupima mabaki madogo mno, na zikiyakuta, mzigo husimama bandarini kwa gharama ya aliyeupeleka.

Kakao ina mtihani mwingine. Pale ambapo mazao yote hupitia ghala la ushirika na mnada kwa stakabadhi ghalani, kama ilivyo Kyela, mzigo wenye cheti lazima uwe na loti yake, magunia yake na karatasi zake tangu kituo cha kupokelea. Kanuni za biashara ya haki huruhusu kakao kuchanganywa njiani mradi hesabu ya tani ilingane. Kilimo hai hakiruhusu hilo kamwe. Kokoa Kamili, iliyoanza kazi Mbingu, Kilombero, mwaka 2013, hununua mbegu mbichi na kuzichachua na kuzikausha yenyewe. Pamoja na kuboresha ladha, njia hiyo humwezesha mnunuzi kujua kila debe limetoka kwa nani.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mfanyabiashara au mwenye mtaji mdogo anayealikwa kuingia katika mpango wa namna hii aombe majibu ya maandishi kwa maswali haya. Mnunuzi ni nani, na nyongeza yake ni kiasi gani kwa kilo, kwa miaka mingapi? Anataka cheti kipi hasa? Kilo zilizopokelewa msimu uliopita ni ngapi, kwa daftari, si kwa makadirio? Kundi limeandikishwa kisheria, na katiba yake inasema nini juu ya mwanachama anayeuza pembeni? Fedha zinazotolewa ni mkopo, malipo ya awali ya mzigo au hisa, na zitarudi vipi kama cheti kitanyimwa mwaka wa tatu?

Swali la mwisho ndilo zito. Kwa kuwa cheti ni cha wakulima, salama zaidi kwa mwenye mtaji ni mkataba wa ununuzi ambao deni hukatwa kidogo kidogo kwa kila kilo inayopokelewa, pamoja na fedha taslimu siku ya kupokea mzigo. Mkulima anayelipwa papo hapo hana sababu kubwa ya kumngoja mlanguzi. Mkulima anayeambiwa arudi mwezi ujao ameshauza kabla jua halijazama.

Atakayeona kundi ni dogo bado asikate shauri la kuacha. Aanze na daftari, ramani na tarehe ya kuvuna, ambavyo havihitaji mkaguzi kutoka nje na vinamfaa kila mnunuzi. Kilo zikifika kiwango kinachobeba gharama, ndipo barua iandikwe kwa shirika la ukaguzi.